Ukuta wa Jikoni Tulioukandika

Mama Zaina,

Ni mimi Kabambare, yule mtu wa chumba cha nyuma. Nimekaa mlangoni pa jiko lako. Mvua imekatika sasa hivi, uwanja bado unatoa mvuke, na daftari nimeliweka juu ya paja kwa sababu meza imeshikwa, Zaina anachambulia majani ya sombe juu yake. Usicheke mwandiko wangu. Unajua shule niliiacha mwaka wa nne, na mikono hii imeshika magunia kuliko kalamu.

Waliniambia kwamba siku ya arobaini yako watu walijaa hapa uani, na baada ya dua kila mmoja alisema neno juu yako. Mama jirani wa parseli ya pili alisema ulimzalisha mtoto wake wa tatu, mkunga akiwa amekwama ng'ambo ya mto. Fundi wa baiskeli alisema ulimfunga mguu. Hata Mzee Radjabu, ambaye mligombana miaka yote kwa ajili ya kuku zake, alisimama, akaanza, akashindwa kumaliza. Mimi sikuwepo. Neno langu halikusemwa.

Basi naliandika. Litakuwa refu, kwa sababu ndani yake kuna shukrani na kuna kosa, na kosa nataka ulisikie kutoka kwangu: nilikaribia kuziua tomati zako. Si za mwaka huu tu. Nilikaribia kuua mbegu yenyewe. Mkono ulioshika udongo ulikuwa wa mkweo, lakini neno lilitoka kinywani mwangu.

Unakumbuka nilivyofika? Nilikuwa nimetembea kutoka kwetu Kabambare, mji mlionipa jina lake, siku sijui ngapi, nyuma yangu vita, mwilini shati moja. Nilitaka kuvuka mto niende upande wa stesheni, nilisikia huko kuna kazi ya kupakua. Siku ile mitumbwi haikuvuka, risasi zilikuwa zimelia ng'ambo. Nikaingia hapa kuomba maji. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya beseni lililopasuka, unasukuma udongo kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto. Hukuniuliza natoka wapi wala niko upande wa nani, na wakati ule kila mtu aliuliza hivyo. Uliniuliza, "Kazi gani unajua?"

Nikasema najua kubeba.

"Basi beba maji ya hizi, kisha njo utakunywa ya kwako."

Nikaenda kijitoni mara nne. Nikakasirika kidogo, nakwambia ukweli. Kisha ukanipa bugali na mchuzi wa tomati bila chumvi, maana chumvi ilikuwa imekuwa kama dawa, na mimi nikalia mbele ya sahani kama mpumbavu. Ukageuka ukajifanya unatafuta kitu jikoni mpaka nilipomaliza. Hilo nalo nakushukuru. Sijawahi kukwambia.

Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja. Baba Zaina alikuwa amekwenda nayo kusini kabla ya njia kukatika, na hakurudi. Waliokwenda mashambani kuchukua muhogo wao wenyewe, wengine walirudi, wengine hapana. Ndipo watu wa mtaa wetu huu wa Alunguli wakaanza kulima mlangoni. Lakini wewe ulikuwa umeanza kabla yao. Ulipanda katika sufuria isiyokuwa na kitako, katika bidoni za njano za maji ulizokata katikati, katika tairi ya lori. Udongo ulichimba chini ya jalala la zamani, ukauchanganya na majivu na mavi ya mbuzi, ukauacha ulale wiki mbili. Nilisema udongo haulali. Ukaniambia hata wewe usipolala hufai kitu.

Na mbegu. Mimi nilidhani mbegu zinatoka dukani kwenye kopo. Wewe ulinionyesha mche mmoja, ule wenye shina nene, na tunda lake la kwanza ulilolifunga uzi. Tomati zako zilikuwa fupi, bapa, zenye mikunjo kama kibofu kilichofungwa, hakuna aliyeziona nzuri sokoni. Lakini hazikuoza kwa mvua. Tunda la uzi halikuchumwa mpaka limekaribia kuanguka lenyewe. Ndipo ulilipasua, ukaupaka ule ute na mbegu zake kwenye ukuta wa jikoni, juu kidogo ya mafiga, palipo na masizi. Tunda moja, paku moja. Ute ukakauka, moshi ukaupita kila siku, na mdudu hakuthubutu. Mgeni aliyeingia jikoni kwako aliona ukuta mchafu, kumbe alikuwa akiliangalia ghala.

Siku moja nikala tunda la uzi. Nilikuwa nimerudi kutoka mtoni bila kupata mzigo, njaa ilinigeuza mnyama. Nililila na uzi wake. Ulipojua, hukunipigia kelele. Ulisimama, mkono kiunoni, ukaniangalia.

"Kabambare, umekula mwaka wa kesho."

Kisha ukaongeza, "Muntu anabeba mizigo ya watu wote, anashindwa kubeba njaa yake?" Ukacheka. Lakini wiki nzima uliwaambia wageni, "Msalimieni huyu, tumbo lake lina shamba langu."

Sasa nifike kwenye ile habari ya watoto. Najua Zaina amekuwa akiisimulia kwa wanawe, lakini yeye alikuwa na miaka sita, anaisimulia kutoka mgongoni kwangu. Mimi niliiona kwa macho.

Wiki yangu ya kwanza ulinituma kwenye miche, ukaniambia, "Toa watoto." Nikaenda nikawafukuza Zaina na ndugu yake Saidi na wale wa jirani waliokuwa wakicheza kati ya mabeseni, nikawapeleka mpaka barabarani, nikarudi nikasema tayari. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya kinu. Ndipo ukanionyesha yale machipukizi yanayotoka kwapani mwa shina, yanayokula nguvu ya mama yao bila kuzaa. Hao ndio watoto. Unawakwanyua kwa kucha, na ukitaka unawachomeka kwenye udongo wenye maji, wanatoa mizizi, wanakuwa mama wenyewe. Tangu siku ile nilikuwa nikiwatoa kila asubuhi, na majirani wote walinitania: "Kabambare, umekwisha toa watoto?"

Kisha ikaja ile alasiri. Wewe ulikuwa mbele ya nyumba unapepeta unga. Mimi nilikuwa nyuma, nafunga miche kwenye vijiti. Zaina na Saidi walikuwa jikoni wanachoma mahindi. Nikakusikia ukiniita, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kijiko.

"Kabambare, toa watoto."

Nikajibu kwamba nimekwisha watoa asubuhi.

Nikasikia ungo umesimama. Na nikasikia sauti za wanaume mbele ya nyumba, sauti za watu wasiobisha hodi. Ukasema tena, taratibu, bila kugeuka:

"Wawili wamebaki."

Mama Zaina, nilisimama na uzi mkononi. Mimi ni mtu mzito wa kichwa. Nilitazama miche, kweli nilitazama miche, nikitafuta hao wawili. Kisha Saidi akakohoa jikoni kwa moshi wa mahindi, nikaelewa.

Nilimbeba Zaina mgongoni na Saidi chini ya kwapa kama gunia, nikapita kwenye upenyo wa uzio, tukashuka kijitoni, tukalala chini kwenye matete. Niliwaziba vinywa kwa mikono yangu. Hawakulia. Sisi tulikuwa kwenye matete, wewe ulikuwa pale. Hukunifuata. Ulijua ukikimbia watakimbia nyuma yako, na watatukuta wote. Ukabaki kuwakaribisha. Uliwapa viti, Mama. Uliwapa maji.

Tuliporudi, ulikuwa umekaa chini mlangoni. Mdomo umevimba, nguo yako ya kikwembe imechanika begani. Walikuwa wamechukua mbuzi, godoro, sufuria, unga na ungo wake. Na bustani, hawakuacha jani. Walichuma zote, walikanyaga miche, mmoja alikuwa amepiga tairi mateke mpaka udongo ukamwagika. Wewe ndiye uliyesema, kwa ule mdomo uliovimba: "Wamekula hata zile mbichi. Matumbo yatawauma."

Kisha ukanyanyuka, ukatushika mkono, ukatuingiza jikoni. Ukaweka kiganja ukutani, kwenye yale mapaku. Yalikuwepo yote. Walikuwa wamechukua kila kitu kilichoonekana kuwa kitu, lakini nani anaiba uchafu wa ukuta? Asubuhi ya pili ulikwangua paku moja kwa ukucha na kuanza upya katika beseni lililovunjika, maana mazima yalikuwa yameondoka. Katika mwaka ule tulikula tomati za ukuta ule, na watu wa mtaa huu mzima walikuja kuchukua miche hapa. Nimebeba mizigo mingi maishani, lakini nafikiri wewe ulitubeba sote kwa mapaku yale.

Vita ilipokwisha, au ilipokwenda mahali pengine, sikuondoka. Nilipata kazi ya kupakua kule mtoni, kila siku navuka, kila jioni narudi. Saidi alikwenda Lubumbashi. Zaina aliolewa Kibombo. Tukabaki wawili, wewe na tomati zako, mimi na mgongo wangu. Mitaani wakaanza kuuza mbegu za kopo, zenye picha nzuri, tunda refu laini. Majirani wakaacha zako. Ukasema ni sawa, kila mtu ale anachopenda. Lakini nilikuona ukichungulia mabeseni yao wakati wa mvua, tomati zao za picha zimeoza chini, na ukirudi nyumbani ulikuwa unatembea kwa madaha.

Mgongo ukaanza kunigomea, kazi ya mtoni ikapungua, nikaamua kwenda machimbo ya Punia kubeba mifuko ya mawe kutoka mashimoni mpaka pikipiki zinapoishia. Ulinipinga. Sikusikia. Siku ya kuondoka ulikuwa umekaa hapa hapa ninapokaa, unakohoa kile kikohozi ulichokiita vumbi. Ukaniambia, "Ukisikia siko, ukuta wangu usiachwe." Nikasema ndiyo, nikafunga begi, nikafikiri ni maneno ya mtu anayetaka nibaki.

Habari zilinifikia kule msituni baada ya siku nne. Inabidi kupanda kilima na kusimama juu ya gogo fulani ndipo simu ishike. Walikuwa wamekwisha kukuzika siku ile ile uliyokufa, kama ilivyo desturi yenu. Zaina alikuwa analia, sauti inakuja na kukatika. Nilikumbuka ahadi. Nikapiga kelele juu ya gogo, watu wa machimbo wakinitazama:

"Mutengeneze ukuta wa jikoni! Mama alisema!"

Hilo ndilo kosa langu. Neno moja. Wewe unajua neno hilo kwetu linabeba mizigo kuliko mimi. Tunatengeneza samaki tunapotoa matumbo yake, tunatengeneza kitanda, tunatengeneza nywele, tunatengeneza ugomvi wa mtu na mke wake. Mimi nilitaka kusema waulinde, wausimamie, usiguswe. Zaina alisikia kwamba mama yake kabla ya kufa aliona aibu kwa ukuta mchafu wa jikoni, na wageni wa arobaini wanakuja.

Mume wake ni fundi, unamjua, fundi wa kweli. Alichota udongo mwekundu ukingoni mwa mto, akaukanyaga na majani makavu, akaukandika ukuta kuanzia juu mpaka chini. Akaulainisha kwa kiganja na maji. Chini akazungusha mstari wa udongo mweupe. Alifanya hivyo kwa machozi, Zaina aliniambia. Ilikuwa zawadi yake kwako.

Mimi nilitoka Punia kwa mguu na kwa pikipiki, barabara ikiwa tope mpaka magotini, nikafika arobaini imepita. Nikapita kaburini kwanza. Kisha nikaja hapa, nikaingia jikoni moja kwa moja kuweka kiganja palipokuwa na mapaku yako. Ukuta ulikuwa laini kama sahani.

Nilikaa chini, Mama. Vita haikuweza kuugusa ule ukuta. Wenye bunduki hawakuweza. Sisi tunaokupenda ndio tulioweza.

Nilitafuta kwingine. Bustanini kulikuwa na vijiti tu, jua la kiangazi kifupi na kuku za Mzee Radjabu vilikuwa vimemaliza kila kitu katika ile miezi ya ugonjwa wako. Kwa majirani nikauliza nyumba kwa nyumba: nani ana tomati za Mama Zaina, zile za mikunjo? Wote walikuwa na za kopo. Mama wa parseli ya pili alisema alikuwa nazo zamani, na kwamba siku zote alijua akizihitaji atakuja kuchukua kwako. Kila mtu alijua hivyo. Ndiyo sababu hakuna aliyekuwa nazo.

Nikarudi, nikachukua panga, nikaanza kukwangua ukuta. Zaina akanikuta. Sijui nikuelezeje uso wake. Mtoto niliyembeba mgongoni alinitazama kama ningekuwa mmoja wa wale wenye bunduki.

"Kumzika hukumzika," alisema. "Sasa umekuja kubomoa nyumba yake?"

Niliweka panga chini. Sehemu ya kwanza ni kweli. Nikamweleza habari ya ukuta. Nilimweleza vibaya, maneno yakigongana, uzi, ute, masizi, mwaka wa kesho. Akaniambia yeye alidhani ni madoa ya moshi tu. Alikuwa mdogo, na baadaye alikuwa shuleni, na baadaye aliolewa. Alidhani unanunua mbegu kama watu wengine. Kisha akaweka mkono mdomoni, akatoka nje. Nilifikiri amekasirika. Akarudi na vijiko viwili na kikwembe chako kile cha maua ya njano, akakitandaza chini ya ukuta ili isipotee hata chembe.

Mume wake naye akaja. Akasimama anatutazama tunavyoharibu kazi yake. "Nimejenga nyumba za Kibombo nzima," alisema, "hii njo mara ya kwanza naombwa kushika taa watu wakibomoa ukuta wangu." Na kweli akashika taa, kwa sababu jikoni mwako hata mchana ni giza.

Na hapa kuna jambo ninalomshukuria Mungu, kila mmoja kwa jina analomwita. Fundi mzuri kabla ya kukandika hukwangua masizi kwanza, ili udongo mpya ushike. Yeye alijua. Lakini wageni walikuwa njiani, mke wake alikuwa analia, akaona aibu ya kuchelewa, akakandika juu ya masizi. Alitukiri pale pale, amekunja uso, fundi hapendi kusema jambo kama hilo. Udongo wake ulitoka kwa mabamba, kama ganda la yai, na nyuma ya kila bamba kulikuwa na weusi wa masizi na vinundu vidogo vya njano. Angeifanya kazi vizuri zaidi, angeziua zote. Leo nashukuru haraka yake.

Tuliyasaga yale mabamba kwa vidole, tukayachanganya na udongo wa jalala katika beseni, tukaliweka beseni karibu na mlango. Sikuwa na hakika. Mbegu zilikuwa zimekaa siku nyingi ndani ya udongo mbichi, labda zilikuwa zimeota na kufa gizani. Siku ya sita hakuna kitu. Siku ya nane kijani kikajaa beseni lote, tukashikana mikono, kumbe ni mchicha wa lenga-lenga na majani ya mtoni yaliyokuja na udongo wa fundi. Nilitaka kuyang'oa yote kwa hasira. Zaina akanizuia. Alipiga magoti, akawa anagusa kila jani, anasugua, ananusa vidole. Moja, jingine, jingine. Muda mrefu. Kisha akaacha kusogea. Akaninyooshea vidole vyake ninuse.

Unaijua ile harufu. Sina haja ya kukwambia. Ilikuwa harufu ya mikono yako.

Ilikuwa miche minne katika ukuta mzima. Mmoja kuku wa Mzee Radjabu aliudonoa asubuhi iliyofuata, na Zaina akalia kama amefiwa mara ya pili. Mzee mwenyewe alikuja na wavu wa zamani wa kuvulia, akaufunga kuzunguka beseni, akasema yeye na wewe bado hamjamaliza kugombana lakini hilo la mche anaomba radhi. Tukabaki na mitatu. Mitatu ilikua. Ilipoanza kutoa machipukizi niliyatoa na kuyachomeka yote kwenye udongo wenye maji, halikutupwa hata moja, na leo tukihesabu miche hapa uani tunafika kumi na tisa. Zaina na mume wake hawakurudi Kibombo, wamehamia hapa, kazi za ujenzi ziko. Amefungua dirisha jikoni. Ukuta wa mapaku hakuugusa.

Mwezi uliopita tulichuma la kwanza. Limekunjamana, baya, lako. Hatukulifunga uzi hilo, tulilikata vipande vinne, na chumvi. Nilimpelekea Mzee Radjabu kipande chake. Alikula akiwa amefumba macho, kisha akasema tomati za yule mwanamke hazijawahi kuwa tamu kiasi hicho, na kwamba nisikwambie. Nakwambia.

Yaliyofuata ya uzi ndiyo tuliyotumia kwa mbegu. Kwa hayo nimebadilisha desturi yako, na hapa naomba ruhusa nikiwa nimekwisha fanya. Sikupaka kwenye ukuta wako peke yake. Nilipita kwa majirani sita na tunda mkononi, nikaingia jikoni kwao nikawachafulia ukuta. Fundi wa baiskeli alinifukuza, mke wake akanirudisha. Mama wa parseli ya pili alipaka mwenyewe. Kila jiko nimeeleza neno kwa neno, polepole: huu usikandikwe, usisuguliwe, usitengenezwe. Hilo la mwisho wamelicheka sana, habari imekwisha kuenea, sasa mtaani mtu akiharibu kazi wanasema ameitengeneza ya Kabambare. Sawa. Wacheke. Mbegu yako haitakaa tena mahali pamoja kusubiri mtu mmoja afe.

Mama Zaina, mimi nimechoka. Si uchovu wa wiki. Punia sitarudi, mgongo umekataa. Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwetu alipita hapa na simu, akampigia mama yangu. Bado yu hai. Sauti yake imekuwa ndogo. Sikuwa nimeisikia miaka mingi, kwa sababu nilikuwa nasubiri niwe na kitu cha kurudi nacho, na wewe ulijua hivyo na ulinigombeza kwa hivyo. Nilifikiri atanilaumu. Aliuliza jambo moja tu: miaka yote hiyo, nani alikuwa anakulisha?

Nikamwambia nitakuja kumjibu.

Kwa hiyo nakwenda. Nimepaka mbegu za matunda matatu kwenye kipande cha kile kikwembe cha maua ya njano, Zaina amekikata mwenyewe akanipa, kimekauka vizuri, nitakivaa chini ya shati. Nakuahidi hivi: nikifika nitaingia jikoni kwa mama yangu kabla ya kukaa, nitatafuta palipo na masizi mengi, na nitakuweka pale. Nitamfundisha kila kitu, uzi, ute, na jinsi ya kuwatoa watoto. Kisha nitamjibu swali lake.

Sikujua ningemjibuje, maana kwangu siku zote ulikuwa Mama Zaina, na jina hilo ni la mtoto wako. Nililala chini ya paa lako muda wote ule bila kuuliza uliitwa nani kabla ya kuzaa. Nimelisoma kaburini, kwenye kibao alichochonga fundi. Nililisoma mara mbili, nikiweka kidole chini ya kila herufi, kama shuleni.

Pumzika sasa, umebeba vya kutosha. Asante kwa maji yale ya kwanza, na kwa kazi uliyonipa kabla ya maji.

Mama yangu ni mtu wa kusali kwa majina. Kila jioni anawataja watu wake, walio hai na waliokufa, mmoja mmoja. Kabla mvua hizi hazijaisha atakuwa anakutaja na wewe, Mwamini, katikati ya watu wa nyumba yetu.

Ni mimi,
Kabambare